Mteja akiuliza "Naweza kufunga mwenyewe?" usijibu haraka

Hii ni ya kwako unayeuza taa na feni za bafuni kwenye WhatsApp na Instagram.

Tuseme uko Kitendaguro, Bukoba. Umeposti feni ndogo ya kutolea hewa. Kwetu huku mvua ni nyingi, bafu halikauki na kuta zinaota ukungu mweusi, kwa hiyo feni zinauzika. Mteja anakuandikia: "Waitu dada, naweza kufunga mwenyewe? Waya wa hita ya shawa uko pale pale, nauunga tu."

Ukijibu "ndiyo, rahisi sana", pesa inaingia. Lakini angalia unachomruhusu kufanya.

Hita ya shawa ya wati 5,000 inavuta karibu ampea 22 kwenye umeme wetu wa volti 230, ndiyo maana inawekewa waya mnene na breka kubwa, mfano ya ampea 32. Feni ndogo inatumia kama wati 20 tu na waya wake ni mwembamba. Ukiungwa kwenye laini ya hita halafu ikatokea hitilafu, ule waya mwembamba unaweza kuungua kabla breka haijakata. Feni inastahili laini ya taa, ambayo kwa kawaida ina waya wa 1.5 na breka ya ampea 6 au 10.

Kwa hiyo kabla hajalipa, mwambie haya matano:

1. Namba ya IP. Iko kwenye boksi. Tarakimu ya pili inahusu maji: IP20 haina kinga ya maji, IP44 inahimili maji yanayoruka. Kama huioni, omba picha ya boksi kule unakochukulia mzigo. Usiposti taa ya sebuleni ukaandika "ya bafuni".

2. Mahali pa kufunga. Viwango vya kimataifa vinahesabu eneo la shawa hadi mita 2.25 kutoka sakafuni, pamoja na sentimita 60 pembeni yake, kuwa sehemu ya hatari. Taa ya kawaida isiwekwe hapo. Swichi ya ukutani ikae nje ya bafu.

3. Ethi na RCD. Taa ya mwili wa chuma yenye sehemu ya ethi lazima iungwe ethi. RCD ya miliampea 30 inakata umeme ukivuja, hata ukipitia kwenye mwili wa mtu. Breka ya kawaida haifanyi kazi hiyo.

4. Hewa itoke nje kabisa. Bomba likiishia darini, mvuke unaozesha mbao. Mlango nao uwe na uwazi chini ili hewa iingie. Kwa ukubwa wa feni, zidisha: bafu la mita 2 kwa 2, kimo 2.5, ni mita za ujazo 10. Ukitaka hewa ibadilike mara 8 kwa saa, unahitaji feni ya mita za ujazo 80 kwa saa. Linganisha na boksi.

5. Fundi. Awe na leseni ya EWURA, siyo kishoka. Azime meni swichi, apime kwanza kuhakikisha waya hauna umeme, ndipo aguse.

Sasa upande wa biashara. Tafuta fundi mmoja mwenye leseni hapo Bukoba, kubalianeni bei ya kufunga, kisha posti feni na ufundi kama kifurushi kimoja. Mteja anajua gharama yote mapema, na wewe hupati simu za "feni yako mbovu" kumbe imefungwa vibaya.

Wapo watakaoona unawachelewesha, waende kwa mwingine. Waache waende. Shoti ikitokea bafuni, anayeumia anaweza asiwe yule aliyelipa. Anaweza kuwa mtoto anayeoga asubuhi akiwahi shule.

Ujumbe wa kunakili na kumtumia mteja: "Asante kwa kuchagua feni yetu. Tafadhali ifungwe na fundi mwenye leseni, kwenye laini ya taa, isiungwe kwenye waya wa hita. Kama huna fundi, niambie nikuunganishe na wetu."

Mtumie mwenzako anayeuza vifaa vya umeme.