Kabla chama chenu hakijanunua mashine ya kupima protini

Siku hizi kijana wa mtaa akikwambia anafuga, usidhani ni kuku tu. Kuna wanaofuga funza wa nzi weusi, wale wa BSF. Wanawalisha mabaki ya sokoni, kisha wanawauza kama protini ya kuku na samaki. Biashara ni poa hadi mteja aulize: protini ni asilimia ngapi?

Hapo ndipo mtu kwenye chama husema, si tununue mashine yetu? Mitandaoni zimejaa, mtumba kutoka Ulaya, bei imeshushwa. Tulieni kwanza.

Mashine hiyo haisomi protini. Inasoma elementi: kaboni, haidrojeni, nitrojeni, na nyingine hata salfa. Unasaga sampuli, unaipima uzito, unaifunga ndani ya kikopo kidogo cha bati, halafu inaangushwa kwenye tanuri la nyuzi 900 au zaidi lenye oksijeni safi. Kila kitu kinaungua. Heliamu inabeba gesi, shaba ya moto inageuza oksaidi za nitrojeni kuwa nitrojeni tupu, kisha kitambuzi kinahesabu. Ni dakika chache tu. Wazo lilitoka kwa Mfaransa Jean-Baptiste Dumas, miaka ya 1830.

Sasa pesa. Bei ya mashine ni kiingilio tu. Heliamu inanunuliwa kwa mtungi na ikiisha kazi inasimama. Oksijeni safi, vikopo vya bati na kemikali za kwenye mirija pia huisha. Mizani inauzwa kando, na stima ikipotea katikati ya kazi, sampuli imeenda.

Kwa hivyo muulize muuzaji maswali haya. Vipuri bado vinatengenezwa? Fundi wa karibu yuko wapi? Programu inahitaji kompyuta ya zamani ambayo haipatikani tena? Inabeba sampuli kiasi gani? Zile ndogo hupima miligramu mbili tatu, na chakula cha mifugo kilichosagwa vibaya hakiwezi kuwakilishwa na chembe kama hiyo. Kwa kazi yenu, tafuteni inayobeba mamia ya miligramu.

Halafu mwambie apime EDTA mkiangalia. Nitrojeni yake inajulikana, ni asilimia 9.59. Mashine ikisema 8, rudisheni pesa mfukoni.

Hata ikisema kweli, hesabu bado inaweza kuwadanganya. Kawaida nitrojeni huzidishwa kwa 6.25 ndipo ipatikane protini. Lakini mwili wa funza una kitini, ambayo ina nitrojeni na si protini. Ndiyo maana mwaka 2017 watafiti walipendekeza 4.76 kwa funza wazima. Chukua sampuli yenye nitrojeni asilimia 7. Kwa 6.25 unapata protini 43.75, kwa 4.76 unapata 33.3. Ni funza wale wale, ila kwenye gunia umeandika pointi kumi za hewa. Kuku watakwambia ukweli kwa kukosa kunenepa, na mteja hatarudi.

Kuna waliotumia mwanya huo makusudi. Mwaka 2008 huko China, maziwa yaliyoongezwa maji yalitiwa melamini, kemikali yenye nitrojeni asilimia 66, ili vipimo vionyeshe protini nyingi. Watoto karibu 300,000 waliugua, na sita wakafa.

Ushauri wangu? Kama mna sampuli tano kwa mwezi, pelekeni kwenye maabara ya chuo kikuu au ya utafiti, mlipie kila sampuli, na muulize wametumia kizidishi gani. Andikeni gharama hiyo kila mwezi. Siku itakapozidi bei ya gesi, vipuri na mshahara wa mtu wa kuendesha mashine, basi itisheni mkutano wa chama tena.