Nyuma ya picha ya eksirei kuna kazi ya kompyuta: kijana wa Ngara au Biharamulo aanzie wapi?

Mgonjwa aliyevunjika nyonga Rulenge au Nyakahura akipewa rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, huondoka na barua ya daktari, nauli na picha ya eksirei. Zamani picha hiyo ilikuwa filamu nyeusi ndani ya bahasha ya kaki. Siku hizi inaweza kuwa kwenye CD. Akifika huko CD ikagoma kufunguka, anapigwa picha upya. Analipa mara ya pili, na mwili wake unapokea mionzi mara ya pili.

Wapo watu ambao kazi yao ni kuhakikisha hilo halitokei. Si madaktari. Ni watu wa TEHAMA wanaohudumia idara ya radiolojia, yaani chumba cha eksirei, ultrasaundi na CT-Scan. Vijana wengi wanaotuuliza kuhusu kozi za kompyuta hawajawahi kusikia kazi hii.

Picha inasafirije?

Kwenye mashine ya kidijitali hakuna filamu. Mionzi ikishapita mwilini inapokelewa na bamba maalumu linaloigeuza kuwa namba, na kompyuta inazipanga namba hizo kuwa picha. Picha huhifadhiwa kwa utaratibu wa kimataifa uitwao DICOM, jina linalotumika tangu mwaka 1993. Uzuri wake ni kwamba jina la mgonjwa, namba yake ya hospitali na tarehe vimo ndani ya faili lenyewe. Kisha picha inakwenda kwenye seva, katika mfumo uitwao PACS, na daktari anaifungua akiwa wodini bila kusubiri bahasha.

Sasa pima uzito wake kwa bando la simu yako. Kipande kimoja cha picha ya CT-Scan huchukua karibu nusu megabaiti. Mgonjwa mmoja akipigwa vipande 300, hizo ni megabaiti 150. Wagonjwa kumi kwa siku ni megabaiti 1,500. Bila mtu wa kusimamia, diski itajaa, mtandao utakwama, na picha za mwaka jana zitapotea siku seva itakapoungua.

Mashine hizi zimeongezeka nchini. Kuanzia mwaka 2021 serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 kununua vifaa tiba, zikiwemo CT-Scan za hospitali za rufaa za mikoa. Mashine inanunuliwa mara moja, lakini kuitunza ni kazi ya kila siku.

Kazi zenyewe ni zipi?

Ya kwanza ni msimamizi wa mfumo wa picha. Huyu huhakikisha kila picha imefika kwa jina sahihi, hutunza nakala za akiba na kuamua nani aruhusiwe kufungua nini.

Ya pili ni afisa TEHAMA wa hospitali. Hushughulikia mtandao, kompyuta na mifumo kama GoTHOMIS, ambao hospitali za serikali hutumia kuandikisha wagonjwa na malipo.

Ya tatu ni fundi sanifu wa vifaa tiba. Huyu hufungua mashine yenyewe na kuilinda na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo.

Ya nne ni mtaalamu wa mionzi, anayempiga mgonjwa picha. Akiijua kompyuta vizuri, mara nyingi ndiye anayekabidhiwa mfumo. Katika hospitali ndogo mtu mmoja anaweza kubeba kazi mbili au tatu.

Kuna jambo moja linawahusu wote wanne: siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa za afya. Kurusha picha ya mgonjwa yenye jina lake kwenye kundi la WhatsApp ni kuianika siri yake. Tena WhatsApp huibana picha ili iwe nyepesi, na ufa mdogo wa mfupa unaweza usionekane tena.

Unasomea wapi?

Ukipenda mashine, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, inafundisha uhandisi wa vifaa tiba. Ukipenda mifumo, Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya mifumo ya taarifa za afya. Ukipenda kupiga picha, chuo kikuu cha afya kilichopo Bugando kinatoa stashahada ya radiolojia. Njia ya mashine na ya mionzi zote zinadai fizikia, na ya mionzi inataka pia kemia na biolojia. Kwa hiyo mwanafunzi anayeikimbia fizikia kidato cha pili anajifungia milango mapema.

Cheti cha kompyuta cha miezi mitatu hakikufikishi huko peke yake. Kitakufundisha kuandika barua na kupanga hesabu, lakini hakikufundishi seva wala mtandao. Kichukulie kama ngazi ya kwanza.

Tuseme ukweli pia: nafasi si nyingi. Hospitali ya wilaya haihitaji watu kumi wa kazi hii. Ajira za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na hospitali za makanisa, kama Murgwanza na Rulenge, zina taratibu zao. Lakini anayejua mtandao, seva na nakala za akiba anaweza kufanya kazi benki, halmashauri au kwenye kampuni ya simu wakati anasubiri nafasi ya hospitali.

Kabla ya kulipa ada

Mzazi, kabla hujauza ng'ombe au shamba la kahawa, fanya mambo matatu. Hakiki kwa NACTVET kwamba chuo kimesajiliwa na kozi hiyo hiyo imeidhinishwa, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi yako haina. Uliza mafunzo kwa vitendo yanafanyika hospitali gani. Kisha mwambie mwanao aende hospitali ya karibu, aombe kwa adabu kuongea na afisa TEHAMA au mtaalamu wa mionzi, amuulize siku yake ya kazi inakwendaje. Nauli ya bodaboda ya safari hiyo ni ndogo kuliko ada ya muhula mmoja wa kozi isiyomfaa.