Kilomita 5,000 ni agizo la nani?

Katika kioo cha mbele cha magari mengi nchini, pembeni upande wa juu, pamebandikwa kijikaratasi chenye tarakimu mbili: kilomita ambazo gari lilikuwa nazo siku ya kumwagwa oili, na zile litakazokuwa nazo siku ya kumwagwa tena. Toa ya kwanza katika ya pili nawe aghalabu utapata jawabu lile lile, liwe ni gari la mwalimu wa shule ya msingi huko Kitui au la mkurugenzi wa benki jijini Nairobi: elfu tano. Nimewauliza mafundi kadha wa kadha ni nani aliyeagiza hivyo. Wa kwanza alinijibu kuwa ndivyo alivyofunzwa. Wa pili alisema ndivyo oili ilivyo. Wa tatu alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini juma lina siku saba.

Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni isimu, na kwa kawaida sijitii katika mambo ya vyuma. Walakini suala hili limenigharimu pesa nilizokuwa nimezitenga kwa karo ya mwanangu, na mwanzo wa hasara hiyo ulikuwa neno moja lililochapishwa mkebeni, neno ambalo nilidhani nalifahamu.

Neno lenyewe ni "sinthetiki". Katika usemi wetu wa kila siku neno hili halina sifa njema. Nguo ya sinthetiki ni ile isiyokuwa ya pamba, na nywele za sinthetiki ni za bandia. Katika biashara ya oili maana imepinduliwa: cha sinthetiki ndicho cha juu, na kilichotoka ardhini ndicho cha mnyonge. Wenzetu wa Tanzania wanaofundisha sayansi kwa Kiswahili wanatupa msamiati ulio bora zaidi. Wanafunzi wao husoma kuhusu "usanisinuru", yaani jinsi mmea unavyounda chakula chake kwa nguvu za nuru. Kusanisi basi ni kuunda kitu kwa kuunganisha vijenzi vyake, wala hapana ubandia wowote katika jambo hilo. Kwa hivyo, kwa idhini ya msomaji, nitaiita oili sanisi.

Oili ya kawaida hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa, na hata baada ya kusafishwa hubaki kuwa mkusanyiko wa molekuli kubwa kwa ndogo. Zile nyepesi huvukizwa na joto la injini, nazo zenye nta huganda upesi kwenye baridi. Oili sanisi kwa maana ya awali ya neno hilo huanzia kwenye gesi ya ethilini. Wanakemia huziunganisha molekuli za gesi hiyo hatua kwa hatua hadi zipatikane molekuli za ukubwa uliokusudiwa, zinazofanana kama matofali ya kiwandani. Aina iliyo maarufu zaidi hujulikana kwa herufi PAO. Oili ya namna hii hutiririka upesi injini ikiwa bado baridi, haiwi nyepesi kupita kiasi injini inapochemka, na hustahimili hewa na joto kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuwa nzito na kuacha utando. Hizi si porojo za wauzaji. Sifa hizi hupimwa maabarani, na ndizo zinazoipa oili sanisi haki ya kudai kwamba hudumu.

Hata hivyo neno halikukaa mahali lilipowekwa. Oili ya Mobil 1 ilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1974 ikiwa imeundwa kwa njia niliyoieleza. Katika miaka ya tisini, kampuni ya Castrol ilianza kuiandika sinthetiki oili yake ya Syntec ambayo sasa ilitokana na mafuta ya ardhini, ila yalikuwa yamepitishwa katika haidrojeni kwa shinikizo kubwa hadi molekuli zake zikabadilika umbo. Mobil ikalalamika mbele ya baraza la Marekani linaloamua migogoro ya matangazo ya biashara. Mwaka wa 1999 baraza hilo liliamua kwamba Castrol ina haki ya kulitumia neno hilo. Tangu hapo, katika masoko mengi, "sinthetiki" halielezi tena oili ilikotoka. Linaeleza kiasi ilivyosafishwa na kugeuzwa. Mwanafunzi wangu wa semantiki akitaka mfano wa maana ya neno kupanuka si kwa mazoea ya wasemaji bali kwa uamuzi wa kikao, sina mfano bora kuliko huu. Lakini mnunuzi afahamu kwamba mikebe miwili yenye neno moja huenda isiwe na kitu kimoja ndani yake. (Vivyo hivyo ile herufi W katika 5W-30: si ya uzito, kama nilivyokuwa nikiambiwa gereji, bali ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi.)

Sasa nije kwenye hasara yangu. Mwaka wa 2022 nilinunua gari dogo lililokwisha kutumika Japani. Lilishukia Mombasa likiwa na umri wa miaka saba. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa cha Kijapani, nami nikakiacha ndani ya dashibodi pamoja na risiti za maegesho. Fundi wangu, mtu wa makamo anayeijua kazi yake, alinibadilishia oili kila kilomita 5,000 bila kukosa. Miaka miwili baadaye muuzaji mmoja wa vipuri alinionyesha mkebe ambao bei yake ilikuwa zaidi ya maradufu ya ule niliouzoea.

"Daktari," akaniambia, "hii ni sinthetiki kamili. Ukishaitia, sahau habari ya oili mpaka elfu kumi na tano."

Nilipiga hesabu nikaona nitaokoa pesa, nikaununua. Fundi aliitia oili ile pasi na kunung'unika, ila aliniambia jambo moja wakati akijifuta mikono: "Mwalimu, mimi siikatai oili yako. Lakini usiache kunipitia." Nikadhani anautetea ugali wake.

Nami nikasahau, kama nilivyoelekezwa. Gari lilikuwa limekwenda kilomita 11,000 siku niliyokuwa nikirudi kutoka Nakuru kupitia Mai Mahiu. Katika kona za kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, taa nyekundu yenye umbo la birika iliwaka, ikazimika. Kona iliyofuata ikawaka tena. Nilijiambia kuwa ni waya uliolegea, nikaendelea, na hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo, kwa kuwa taa ile haisemi kwamba oili imezeeka. Inasema kwamba shinikizo la oili limeshuka, na dereva anatakiwa kuzima injini papo hapo. Nilipokaribia Rironi injini ilikuwa ikigonga kama mtu atwangaye mahindi.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka kikavu. Alipoifungua injini chini, oili iliyoshuka beseni haikufika lita moja na nusu, na injini ile hutakiwa kuwa na lita 3.7. Beringi zinazoushika mhimili mkuu zilikuwa zimeliwa. Fundi hakunikumbusha maneno yake, na hilo lilinichoma zaidi ya kama angalinikumbusha.

Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema oili ya ghali ilinidanganya. Sivyo. Nilipotulia nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla. Lita 2.2 zilipotea katika kilomita 11,000, yaani lita moja kwa kila kilomita 5,000 hivi. Kwa injini ya umri ule, ambayo ringi za pistoni zake zimelegea kidogo, hicho si kiasi cha kushangaza. Inaelekea injini ilikuwa ikiyanywa mafuta yake vivyo hivyo tangu nilipoinunua. Lakini kila ilipokaribia kupungukiwa, kilomita 5,000 zilitimia, fundi akamwaga iliyobaki, akatia mpya hadi alama ya juu, nami nikaenda zangu nikiamini kuwa gari langu halipunguzi oili hata tone. Ratiba fupi ndiyo iliyoficha kiu ya injini. Nilipoirefusha ratiba, kiu ikadhihirika, na hapakuwa na jicho la kuiona.

Hili ndilo ninalotaka lifahamike, kwa maana sijaliona likielezwa mkebeni. Tunapolipa sevisi ya kilomita 5,000, hatununui oili peke yake. Tunanunua pia mtu wa kufungua boneti, kutazama maji, kushika mkanda, kuona kama kuna mahali panapovuja. Oili sanisi yaweza kweli kuchukua nafasi ya oili ya zamani kwa kilomita nyingi zaidi. Haiwezi kuchukua nafasi ya mtu huyo. Anayeirefusha ratiba bila kujitwika kazi ya kuchungulia amejipunguzia gharama ya oili na kuzidisha hatari ya injini.

Isitoshe, kuna mambo ambayo usanisi hauyagusi. Uimara wa molekuli hauzuii vumbi la barabara ya murram kupenya chujio lililochakaa, wala hauzuii petroli isiyoungua kuteremka na kuizimua oili. Ndani ya kila oili mna alkali ya kuua asidi zinazotokana na mwako, na alkali hiyo hutumika ikaisha, oili iwe sanisi au isiwe. Salfa ikiwa nyingi katika mafuta, huisha mapema. Hadi Januari 2015, Kenya iliposhusha kiwango cha juu cha salfa katika dizeli kutoka sehemu 500 hadi 50 kwa kila milioni, fundi aliyeshikilia ratiba fupi kwa magari ya dizeli alikuwa na hoja nzito, hata kama hakujua kuieleza.

Kisha kuna saa. Gari linalokwenda wastani wa kilomita 60 kwa saa litamaliza kilomita 5,000 kwa saa 83 za injini kufanya kazi. Gari linalotambaa katika msongamano wa Nairobi kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa litahitaji saa 333 kufika hapo hapo. Kijikaratasi cha kiooni huyahesabu magari haya mawili kuwa sawa.

Jarida la Consumer Reports la Marekani lilichapisha mwaka wa 1996 matokeo ya jaribio lililofanyiwa teksi 75 za New York, zikiwemo zilizotumia oili sanisi. Kila teksi ilikwenda maili 60,000, yaani takriban kilomita 96,000, kisha injini zikafunguliwa na kupimwa ulikaji. Hapakuonekana tofauti ya maana baina ya oili moja na nyingine, wala baina ya kubadilisha kila maili 3,000 na kila maili 6,000. Nililisoma jambo hili kwa furaha ya mtu aliyepata wakili, hadi nilipotanabahi kwamba teksi hufanya kazi mchana kutwa, na injini yake haipati nafasi ya kupoa. Mimi naishi kilomita nne kutoka chuoni. Injini yangu huzimwa kabla ya oili kupata moto wa kutosha kuufukuza unyevu na petroli iliyoingia. Katika lugha ya watengenezaji, mimi mwenda pole ndiye ninayeitesa injini.

Wako pia wanaoisoma oili kwa rangi: ikiwa nyeusi, imwagwe. Hiyo ni ishara iliyosomwa vibaya. Oili yenye sabuni nzuri huwa nyeusi kwa sababu inayabeba masizi badala ya kuyaacha yagande kwenye pistoni. Ile inayobaki safi muda mrefu katika injini chafu ndiyo ya kutiliwa shaka.

Baada ya injini kutengenezwa nilikitoa kile kitabu cha Kijapani nikampelekea mwenzangu anayeisoma lugha hiyo. Alikipata ukurasa wenyewe kwa dakika mbili. Kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Chini yake, kwa herufi ndogo: katika mazingira magumu, nusu ya hapo, yaani kilomita 7,500 au miezi sita. Na mazingira magumu yalitajwa moja moja: barabara mbovu, vumbi, milima, safari fupi za mara kwa mara. Mwenzangu alicheka akaniuliza kama waliokiandika waliwahi kufika kwetu. Basi muuzaji wa vipuri hakuitoa hewani ile elfu kumi na tano yake, wala fundi hakuwa mbali sana na ukweli kwa elfu tano yake. Jibu langu lilikuwa katikati yao, nalo lilikuwa limelala ndani ya gari langu miaka miwili.

Bado natumia oili sanisi, ya mnato uliotajwa kitabuni, kutoka kwenye mkebe ambao kizibo chake hakijavunjwa, kwani mikebe ya kujazwa tena mitaani si hadithi. Humwagwa kila kilomita 7,500 au miezi sita. Ndani ya dashibodi mna daftari la shule la kurasa 32, na kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa limepoa na limesimama mahali tambarare, nachomoa kijiti, nakipangusa, nakirudisha, nakichomoa tena. Fundi alilikuta daftari hilo akanicheka: "Mwalimu, hata oili umeifungulia rejista?" Jumamosi iliyopita niliandika: kilomita 4,180 tangu ilipobadilishwa, kiwango robo juu ya alama ya chini, nimeongeza nusu lita.