Daktari Kijana na Betri ya Puani: Jinsi Matabibu Wapya Wanavyoandaliwa kwa Maradhi ya Masikio, Pua na Koo



Mimi si daktari. Nilisoma skuli ya misheni huko Unguja, nikafundishwa mwandiko mzuri, hesabu na kupiga taipu, na elimu hiyo ndiyo iliyonipatia ukarani nilipofika Maskati. Kwa miaka mingi nilikaa kwenye dirisha la faili la kliniki ya masikio, pua na koo. Karani haulizwi dawa, lakini huona mengi na husikia mengi. Leo nataka kueleza vipi daktari mpya anaandaliwa kwa kazi hii, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wenye watoto na wajukuu.

Nianze na lililotufika nyumbani. Mjukuu wangu wa kike, akiwa na umri wa miaka mitatu, alianza kutokwa na kamasi puani, upande mmoja tu, na kamasi yenyewe ina harufu mbaya. Mama yake alimpeleka kwenye kliniki moja ndogo. Daktari kijana akasema ni mafua, akaandika antibiotiki. Siku nne baadaye mtoto halali, analia. Tukampeleka pengine, na huko pia tukapokewa na daktari kijana, pengine wa umri ule ule. Huyu aliuliza suali moja: "Inatoka pande zote mbili au mmoja?" Tulipomjibu, alichukua taa akaangalia, akanyanyuka pale pale kumwita mkubwa wake. Ndani ya pua mlikuwa na betri ndogo ya duara, kama kifungo, ya mchezo wa watoto. Waliitoa, lakini ukuta wa kati wa pua ulikuwa umeshaungua. Tundu limebaki mpaka leo.

Vijana wawili, wote wamehitimu. Mmoja alifundishwa kwamba mtoto mdogo anayetokwa na uchafu wenye harufu katika tundu moja la pua ana kitu ndani mpaka ithibitike kwamba hana. Mwengine, kwa nilivyoona, hakufundishwa, au alifundishwa siku moja akasahau.

Tusishangae. Mwanafunzi wa udaktari ana mengi ya kusoma: moyo, kifua, tumbo, uzazi. Katika vyuo vingi duniani, masikio, pua na koo hupewa wiki moja au mbili tu katika miaka yote ya masomo. Lakini akianza kazi, wanaomjia kila siku ni wenye sikio linalouma, koo, mafua na kizunguzungu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Mabingwa hawawezi kuwaona wote hao. Wa kwanza kuwaona ni tabibu wa kawaida, na huyo ndiye anayetakiwa kuandaliwa.

Somo la kwanza ni kutazama. Linaonekana jepesi, lakini si jepesi. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kiasi cha sentimita mbili na nusu, tena imepinda. Kwa mtu mzima, sikio huvutwa juu na nyuma ili njia inyooke. Kwa mtoto mchanga huvutwa chini na nyuma. Kifaa chenye taa hushikwa kama kalamu, na kidole cha mwisho huegemezwa kwenye shavu la mgonjwa, ili mtoto akitikisa kichwa mkono uende naye, usije ukamchoma. Huanza na sikio zima, kisha linalouma. Halafu lazima akione kiwambo cha sikio, rangi yake, na kama kimetoboka. Daktari aliyeona nta tu hajaona sikio. Na macho hayajui kiwambo kigonjwa mpaka yameshaona viwambo vizima vingi sana.

Somo la pili ni uma wa chuma wa kupimia usikivu. Unaotumika sana hutetemeka mara 512 kwa sekunde. Hugongwa, ukawekwa katikati ya paji la uso, mgonjwa akaulizwa anausikia upande gani. Kisha huwekwa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na baadaye mbele ya tundu la sikio, akaulizwa wapi sauti ni kubwa zaidi. Vipimo hivi vina majina ya Wajerumani wawili wa karne ya 19, Weber na Rinne, na havihitaji umeme. Kazi yake ni kubwa. Mtu akiamka asubuhi sikio moja halisikii, wengi humwambia ni nta au mafua. Lakini kiwambo kikiwa kizima, na uma wa kwenye paji la uso ukasikika upande wa sikio zima, basi huenda sikio la ndani au mshipa wa fahamu umepata dhara. Hiyo ni dharura. Dawa hufaa zaidi zikianza siku za mwanzo.

Somo la tatu ni yale machache yasiyongoja. Betri puani, sikioni au kooni: unyevu wa mwili huifanya itoe kemikali inayounguza kama magadi makali, na ndani ya saa mbili madhara yanaweza kuwa yameshaanza. Pua iliyopigwa ikavimba ndani pande zote mbili: damu imekusanyika kwenye ukuta wa kati, na isipotolewa upesi mfupa laini hufa, pua ikadidimia. Mtoto mwenye homa, anayetoa mate na kuvuta pumzi kwa sauti ya kukoroma: huyu hatiwi kijiko mdomoni kutazamwa koo, kwani njia ya pumzi inaweza kuziba, aachwe mapajani mwa mama yake, na mkubwa aitwe. Sauti iliyokwama wiki tatu au nne bila ya sababu, hasa kwa mvutaji sigara, itazamwe na bingwa.

Na muhina. Wazee wetu walitulaza chali au kutuinua kichwa juu. Daktari mpya hufundishwa kinyume chake: mgonjwa akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 mpaka 15 bila ya kuachia kuchungulia, apumue kwa mdomo na damu aiteme. Damu nyingi za pua hutoka sehemu ya mbele ya ukuta wa kati, ndiyo maana kubana kunafaa.

Haya yote hayafundishiki kwa kitabu peke yake. Siku hizi vijana huanza na vichwa vya bandia: hutia pamba puani, hutoa shanga sikioni, huigiziwa mgonjwa anayekosa pumzi usiku wa manane ili wajue nani wa kumpigia simu. Anayeendelea na ubingwa hapa Oman hupitia bodi ya mafunzo ya ubingwa, OMSB, iliyoanzishwa mwaka 2006. Kenya huwapa mafunzo ya fani hii hata matabibu wasio na digrii ya udaktari, ili wilaya za mbali zisikose mtu. Lakini popote pale, baada ya kichwa cha bandia hufuata mtu wa kweli, na mkubwa amesimama nyuma.

Hapa ndipo ninapotaka kukiri. Katika miaka yangu ya dirishani, jamaa na majirani walikuwa wakininong'oneza: "Mzee, usinipeleke kwa wale wanafunzi." Nami nikiitoa faili yao nikaipeleka kwa mkubwa. Nilijiona nafanya wema. Sikuhesabu masikio mangapi na pua ngapi niliwanyima vijana wale. Daktari aliyeandika mafua kwa mjukuu wangu sikumfahamu, lakini baadaye nilijiuliza: na yeye je, walikuwapo makarani kama mimi alikosomea?

Basi nina maombi matatu kwa familia zetu. Kwanza, tukiulizwa kama kijana aangalie mbele ya mkubwa wake, tukubali. Pili, tuseme kweli: kama tumetia mafuta ya moto au vitunguu sikioni, au mtoto amekatwa kimio kwa fundi kule nyumbani, daktari ajue. Tatu, tuulize kwa adabu: "Daktari, umekiona kiwambo?" na "Dalili gani ikitokea nirudi haraka?" Aliyefundishwa vizuri hatachukia.

Mimi sasa navaa vifaa vya kusikilizia, masikio yote mawili. Kila nikienda kliniki kijana huniomba ruhusa aangalie kwanza. Navua kofia, namwambia: "Angalia mwanangu, usiwe na haraka."