Kuosha vizee majuu? Kuna shule yake!

Kijiweni ukitaka kumnyamazisha mtu aliyerudi toka Marekani na pamba kali, dawa ni moja tu: "Acha mikogo, tunajua ulikuwa unaosha vizee." Watu wanavunjika mbavu, stori inaishia hapo.

Haya, wewe unayecheka hebu jibu swali dogo. Mzee amepooza mkono wa kushoto, unataka kumvisha shati. Unaanza na mkono upi?

Unaanza na ule uliopooza. Wakati wa kumvua ndiyo unaanza na ule mzima. Ukigeuza, unalivuta bega ambalo halina nguvu ya kujizuia, na hapo umemwongezea maumivu mtu ambaye tayari anaumwa. Hilo ni somo la darasani, si kipaji cha kuzaliwa nacho.

Kule kazi yenyewe inaitwa CNA, yaani msaidizi wa muuguzi mwenye cheti, na watu wa Afrika Mashariki kibao wameanzia maisha hapo. Mwaka 1986 ilitoka ripoti nzito juu ya hali mbaya ya nyumba za kulelea wazee Marekani. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria: msaidizi lazima asome saa zisizopungua 75, na 16 kati ya hizo ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Majimbo mengine yamepandisha dau. California ni saa 160.

Ila kilichonigusa mimi ni mpangilio wake. Kabla hujamgusa mgonjwa hata kidole, kuna saa 16 za kufundishwa kuongea naye, kuzuia maambukizi, usalama, haki zake, na namna ya kumwacha ajitegemee. Kwa maneno mengine, heshima kwanza, beseni baadaye.

WEMA UNAOPONZA

Hapo kwenye kujitegemea ndipo vijana wetu wanapata tabu. Sisi tumelelewa kwamba mzee hahangaiki mbele ya mtoto. Bibi akigusa ndoo tu, unamnyang'anya. Kule mwalimu anakuzuia mkono: mwache afunge vifungo mwenyewe, hata ikichukua dakika kumi. Vidole visivyotumika vinakakamaa, na mtu anayefanyiwa kila kitu anazidi kudhoofika. Kukaa unamtazama anahangaika, bila kuingilia, ni kazi ngumu kuliko kumfungia. Nani angedhani?

Shikamoo haipo, lakini adabu ipo. Unabisha hodi hata kama unajua hawezi kuamka kukufungulia. Unajitambulisha. Unamwita jina analotaka yeye, si "mpenzi" wala "bibi". Unainama mpaka macho yenu yawe sawa. Sisi tunaotazama chini kwa heshima, wenzetu wanaweza kudhani tuna kitu tunaficha.

Halafu kuna kuoga. Kijana wa miaka 22 kumwogesha mama wa rika la bibi yake, kwa mila zetu ni mtihani wa mwaka. Shuleni wanakwambia funga mlango, vuta pazia, mfunike shuka, kisha funua kiungo kimoja, kioshe, kikaushe, kifunike, ndiyo uhamie kingine. Maji mwache ayapime mwenyewe kwanza. Mwanamke unamsafisha kutoka mbele kwenda nyuma. Ukikosea unaweza kumletea ugonjwa wa njia ya mkojo. Huruma bila ufundi huo inaweza kumlaza mtu hospitali.

Na yule aliyepoteza kumbukumbu, anayemuuliza mumewe kila asubuhi wakati marehemu kazikwa zamani? Ukimjibu "alishakufa", unampa msiba mpya, na kesho unampa tena. Badala yake unamuuliza huyo mzee alikuwa mtu wa namna gani. Anasimulia, anatulia.

Kumbeba je? Misuli ya gym weka pembeni. Unafunga breki za kiti cha magurudumu, unamvalisha mkanda maalumu kiunoni, unakunja magoti, na mnahesabu pamoja kabla ya kusimama. Asiyeweza kujigeuza kitandani unamgeuza kwa ratiba, mara nyingi kila saa mbili, asipate vidonda vya kulalia. Hii hata shangazi yako aliyelala na kiharusi Manzese inamhusu, bila viza wala pasipoti.

USIINGIZWE MJINI

Tukifika kwenye viza, fungua masikio. Cheti si viza. Uingereza ilifungulia wahudumu wa wazee mwaka 2022, lakini tarehe 22 Julai 2025 ikafunga mlango kwa waajiriwa wapya wa kazi hiyo kutoka nje. Anayekuomba milioni zako leo akupeleke huko kwa njia hiyo, muulize anapitia wapi.

Kwa aliyeko Marekani na kibali chake cha kazi, kuna jambo wengi hawaliulizi. Nyumba ya wazee inayopokea malipo ya mipango ya afya ya serikali ikishakuajiri, au hata kukuahidi kazi, hairuhusiwi kukutoza ada ya mafunzo hayo. Kama ulijilipia mwenyewe, ukapata kazi kwenye nyumba kama hiyo ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, jimbo linatakiwa kukurudishia gharama kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Mtihani nao ukifeli unapewa nafasi zisizopungua tatu. Tunza risiti zako.