MATAIRI YA PIKAPU KUUKUU: UKUBWA UFAAO NI UPI?

Ziko pikapu nyingi katika nchi ya Kenya ambazo umri wake umepita miaka ishirini au thelathini, na hata sasa hazijastaafu. Ndizo zichukuazo viazi kutoka Kinangop, mpunga kutoka Mwea, na maziwa ya alfajiri kutoka mashamba yasiyofikiwa na lami. Injini ya gari kama hilo ikiharibika, fundi yupo. Lakini siku ya kununua matairi, mwenye gari aghalabu huenda dukani bila maarifa, akachukua lile analoonyeshwa. Matairi manne si kitu cha bei ndogo. Ni fedha ambazo zingeweza kulipa karo ya mtoto shuleni. Tena ni matairi hayo tu yanayoligusa barabara gari lote pamoja na waliomo ndani yake. Kwa hiyo yafaa kila mwenye pikapu ajue anachonunua kabla hajatoa fedha.

Kosa lililoenea zaidi ni kudhani kwamba tairi kubwa ndilo lenye nguvu. Sivyo. Ukubwa wa tairi ni jambo moja, uwezo wake wa kubeba mzigo ni jambo la pili, na umbo la meno yake ni jambo la tatu. Mambo haya matatu huandikwa au huonekana mbalimbali, na lazima yachaguliwe mbalimbali.

KUSOMA NAMBA ZA UBAVUNI

Tuseme ubavuni pameandikwa 215/75R15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, milimita 215. Namba ya pili ni kimo cha ubavu, nacho ni sehemu 75 katika kila 100 za upana huo, yaani kama milimita 161. Herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, mtindo ambao kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliupatia hataza mwaka 1946. Namba ya mwisho ni kipimo cha rimu, inchi 15.

Kwa namba hizo mtu aliyesoma hesabu za shule ya msingi aweza kujua kimo cha tairi zima. Inchi 15 ni milimita 381. Ongeza ubavu wa juu na ubavu wa chini, na jumla itakuwa kama milimita 703.

HASARA YA KUPITA KIASI

Sasa mwenye pikapu hiyo ashawishiwe kununua tairi liandikwalo 31x10.50R15. Hapa namba ya kwanza ni kimo chenyewe, inchi 31, yaani milimita 787. Tairi limeongezeka milimita 84, lakini gari litainuka kwa nusu tu, milimita 42, kwa kuwa nusu ya pili iko juu ya ekseli.

Kwa faida hiyo ndogo atalipa mengi. Mita ya mwendo, ambayo haijui kwamba tairi limebadilishwa, itaonyesha kilomita 80 kwa saa wakati gari linakwenda karibu kilomita 89. Injini kuukuu itataabika mlimani kana kwamba gia zote zimepandishwa, na petroli itatumika zaidi. Breki zilizotengenezwa kwa gurudumu dogo zitakuwa na kazi kubwa zaidi ya kulisimamisha lile kubwa. Usukani ukikatwa, tairi laweza kusugua madigadi au springi. Na gari likijazwa gunia, laweza kusugua hata lisipokata kona. Mtaka yote hukosa yote.

Lililo salama ni kufuata ukubwa ulioandikwa katika kibao cha mlangoni au katika kitabu cha gari. Ikiwa ukubwa huo haupatikani, litafutwe tairi ambalo kimo chake hakitofautiani na lile la kwanza kwa zaidi ya sehemu 3 katika 100. Kwa pikapu yetu, hiyo ni kama milimita 21.

MFANO WA LAND ROVER YA KALE

Land Rover ya inchi 109 ya mtindo wa pili, ulioanza kutengenezwa mwaka 1958, ilikuwa ikivaa tairi la 7.50-16, ile fupi ya inchi 88 ilivaa 6.00-16. Katika namba hizi za kale, ya kwanza ni upana kwa inchi na ya pili ni rimu. Kistari cha katikati huonyesha tairi lenye nyuzi zinazokatana, lisilo la R.

Mtu akipiga hesabu ataona kwamba tairi la 235/85R16 lina kimo cha milimita 806, karibu sawa na lile la 7.50-16. Hata hivyo asifanye haraka. Tairi hilo hutaka rimu yenye upana wa inchi 6 au zaidi, na rimu nyingi za Land Rover hizo ni za inchi 5 na nusu. Tena rimu za kale zilizoungwa kwa ribiti hupitisha hewa, hivyo haziwezi kutumika bila mpira wa ndani. Mwenye gari kama hilo hufanya vema kutafuta 7.50R16, au kubadilisha rimu pamoja na matairi. Rimu hupimwa kwanza; tairi hufuata.

MZIGO

Baada ya ukubwa huandikwa namba nyingine ambayo wengi hawaitazami. Hiyo ndiyo alama ya mzigo. Alama 100 maana yake tairi moja hubeba kilo 800. Alama 102 ni kilo 850. Na alama 106 ni kilo 950. Ikiwa ekseli ya nyuma ya pikapu iliyojaa viazi hubeba kilo 1,700, kila tairi la nyuma hubeba kilo 850. Tairi la alama 100 halifai hata kama ni pana na la kupendeza. La 102 limefika mpakani. La 106 lina akiba kwa siku ya mashimo. Tairi lililolemewa hupata joto ndani kwa ndani, na mwishowe hupasuka, mara nyingi likiwa kwenye mwendo wa kasi barabarani.

MENO NA UDONGO

Tairi la alama A/T, yaani la njia zote, lina meno makubwa kuliko la lami lakini si ya kutisha kama ya lile la matope, liandikwalo M/T. Kwa mkulima apitaye changarawe siku sita na lami siku ya soko, A/T ndilo lifaalo. Lile la matope huvuma sana juu ya lami na huisha upesi.

Katika udongo mweusi wa Mwea au wa nyanda za Athi, meno yo yote hujaa tope. Hapo tairi jembamba mara nyingi hushinda pana, kwa kuwa hulikata tope na kufikia ardhi ngumu iliyo chini. Katika mchanga mwingi mambo hugeuka: tairi pana lililopunguzwa upepo huelea juu yake. Upepo huo urudishwe mara gari litokapo mchangani.

KABLA YA KULIPA

Umri wa tairi hutambulika kwa namba nne zifuatazo herufi DOT. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10, hata kama meno yangalipo. Hili ni la kukumbukwa hasa na anunuaye matairi yaliyokwisha kutumika.

Matairi ya ekseli moja yawe sawa kwa ukubwa na kwa aina. La R lisiwekwe pamoja na la nyuzi zinazokatana. Katika gari livutalo kwa magurudumu manne, yote manne yawe na kimo kimoja, ama sivyo gia zitaumizana. Na spea isisahauliwe.

Mwenye pikapu na aandike nyumbani, katika kipande cha karatasi, ukubwa wa tairi lake, upana wa rimu, na alama ya mzigo anayoihitaji, kisha aende nacho dukani. Muuzaji akimwonyesha tairi lisilopatana na karatasi hiyo, aende duka la pili.