Si kila mdudu anayekuja na tumbawe ni adui

Mtu ananunua kipande cha tumbawe, anakitia ndani ya akwariamu ya maji ya chumvi nyumbani kwake, na usiku anapomulika kwa tochi anaona mnyoo mwenye manyoya akitoka kwenye tundu la jiwe. Wazo la kwanza ni kumuua. Mara nyingi kosa linaanzia hapo.

Matumbawe yanafanana na mawe au maua, lakini ni wanyama wa baharini. Hayaishi katika maziwa yetu, ingawa kazi ya kufuga viumbe vya maji ndani ya kioo inaigusa Kongo pia: frontosa, samaki wa bluu mwenye mistari myeusi kutoka Moba, kwenye Ziwa Tanganyika, anafugwa hivyo huko Ulaya na Amerika.

Tumbawe huuzwa likiwa limeshikamana na kipande cha jiwe. Ndani ya matundu yake husafiri minyoo, konokono, kaa na nyota za bahari ambao mnunuzi hakuwalipia.

Hatari ya kuwaua ovyo ilionekana kunako mwaka 2006, watafiti walipotoa matokeo ya majaribio yaliyofanyika kwenye kisiwa cha Moorea, katika Polinesia ya Ufaransa. Waliondoa kaa wadogo aina ya Trapezia kwenye matumbawe yenye matawi. Katika muda usiofika mwezi mmoja, asilimia 45 hadi 80 ya matumbawe hayo yalikufa. Yale yaliyobaki na kaa wake yote yalipona. Sababu ni kwamba kaa hao huondoa mchanga na uchafu unaolifunika tumbawe. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mnyoo mwenye manyoya naye husingiziwa. Hukutwa juu ya tumbawe linalokufa, naye huhukumiwa kuwa ndiye muuaji, kumbe kwa kawaida amefuata nyama iliyokwisha kuoza. Kazi yake ni kula mabaki ya chakula. Hata hivyo asishikwe kwa mkono mtupu, maana manyoya yake huchoma. Vijidudu vinavyorukaruka kama kamba wadogo ni chakula cha samaki, na vibomba vyeupe vilivyojiviringa kwenye kioo ni nyumba za minyoo wanaochuja maji.

Lakini maadui wapo. Aiptasia, kiumbe cha kahawia chenye mikono mingi kama ua, huchoma matumbawe yaliyo jirani. Kumkata ni kumwongeza, kwa sababu kipande kidogo kinachobaki huota upya. Wako pia konokono wasio na gamba wanaokula nyama ya tumbawe na kutaga mayai juu yake.

Namna ya kuwatofautisha ni kuangalia kabla ya kuhukumu. Je, anakula nyama iliyo hai? Je, kuna kidonda kipya mahali alipopita? Kwa upande wa kaa, Trapezia ana gamba laini linalong'aa. Kaa mwenye manyoya mengi na kucha nyeusi ndiye wa kutiliwa shaka.

Wafugaji wenye uzoefu huliweka tumbawe jipya peke yake katika chombo kingine kwa majuma kadhaa, wakilichunguza usiku kwa taa nyekundu, maana wageni wengi hutoka gizani. Anayeonekana kuwa na madhara huondolewa humo humo, kabla hajafika kwa wengine. Asiye na hatia huachwa aendelee na kazi yake.